Maduara Manne ya Desemba

Mzee Ruwa, mkuu wa vipimo, alikutwa Jumanne, tarehe 12 Januari 1999, saa moja kasoro dakika tano za jioni, amelala kifudifudi sakafuni katika chumba cha vipimo cha kiwanda cha sabuni cha Asumini, Changamwe. Aliyemkuta ni Mwanarusi, karani wa chumba hicho, aliyekuwa akitoka kufuturu na wenzake karibu na lango. Alikuja kufunga mlango ili awahi feri ya Likoni, na mkononi alishika bakuli la muhogo wa nazi alilomwekea mzee. Mzee Ruwa hakuwa Mwislamu wala hakufunga hata nusu siku, lakini futari hakuwahi kuikosa, na jioni ile kutoonekana kwake kulimtia Mwanarusi wasiwasi.

Bakuli lilianguka. Kisogo cha mzee kilikuwa kimelowa damu, na kando yake ilikuwako spana kubwa ya boila. Mwanarusi alipiga magoti, akaweka kiganja karibu na pua ya mzee, akahisi pumzi nyembamba. Ndipo alipopiga ukelele uliowatoa walinzi langoni mbio.

Mzee alipelekwa hospitali hajitambui. Saa mbili polisi walikuwa wamekwisha kufika, na saa mbili na nusu walikuwa wamekwisha kuondoka na mtu wao. Mtu wao alikuwa Mbwana, mwendesha boila wa zamu ya mchana na jioni, ndugu wa Mwanarusi, tumbo moja.

Usiku ule nyumbani Likoni mama yao, aliyepasuliwa jicho mwezi uliopita, aliuliza kutoka kitandani, "Mbwana yuwapi?"

"Yuko zamu, mama," Mwanarusi alijibu. Huo ndio uwongo wa kwanza aliopata kumwambia mama yake katika Ramadhani, na usiku ule hakula daku.

Asubuhi ya Jumatano, saa mbili kamili, Inspekta Elkana alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mzee Ruwa. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole wa sauti, mwenye kuandika kila kitu kwa penseli fupi. Upole wake ulimtisha Mwanarusi kuliko ukali.

"Mama, pole sana," alisema. "Nitakwambia ukweli ili usije ukaambiwa na wengine. Spana ni ya boila. Mkoba wa mzee tumeupata mtupu ndani ya kabati la nguo la ndugu yako. Jana wenzake wote walikuwa wamekaa kufuturu tangu saa kumi na mbili na nusu na ushei. Yeye alifika saa moja kasoro kumi, jasho linamtoka. Na mama wa chai alimsikia akigombana na mzee mchana."

"Yeye mwenyewe yuwasemaje?"

"Hasemi kitu. Hiyo ndiyo shida. Anaangalia ukuta tu. Kesho saa tatu tunampeleka kortini, wizi wa mabavu. Unajua adhabu yake?"

Mwanarusi alijua. Nani asiyejua? Wizi wa mabavu hauna dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Na mzee akifa, kesi itakuwa ya kuua.

"Sasa nieleze kazi ya hiki chumba," Inspekta alisema. "Nataka kujua mzee alikuwa na nini cha kuibiwa."

Mwanarusi alimwonyesha kinasa, sanduku la kijivu lililofungwa ukutani, lenye kalamu na karatasi ya duara mfano wa sahani ya chapati. Boila ya kiwanda huchoma mafuta mazito. Mafuta yakiwaka kwa wingi, kalamu hupanda na kuchora mstari mwekundu karibu na ukingo. Yakipungua, mstari hushuka. Kila duara ni siku moja, tangu saa moja asubuhi hadi saa moja asubuhi ya pili.

"Tangu Oktoba tuna kichomeo kipya kinachokula mafuta kidogo," alisema. "Mafuta yakipungua, na hewa ya kaboni inayotoka kwenye dohani yapungua. Kuna kampuni Ulaya wataka kununua upungufu huo. Kwa kila tani tusiyoitoa twapewa hati. Mwanzoni mkaguzi alikuwa aje mara moja kwa mwaka, apime tangi, arudi kwao, na hati ingoje mwaka mwingine. Sasa twajaribu njia ya haraka. Mwezi ukiisha twafunga maduara, mkaguzi ayachukua, na hati zatoka kwa siku kumi. Ijumaa hii yuwaja kuchukua ya Desemba. Ndiyo ya kwanza."

"Na vipimo vikiwa vibaya?"

"Siku mbaya zikizidi tatu, mwezi mzima hauhesabiwi na jaribio lafungwa."

Inspekta aliandika. "Na jana mzee alibeba nini?"

Mwanarusi alifungua daftari la kutolea karatasi. Jumanne, saa kumi alasiri, Mzee Ruwa alikuwa ametia sahihi kuchukua maduara manne: ya tarehe 18, 19, 20 na 21 Desemba. Alikuwa ameyatia ndani ya mkoba wake mbele ya macho yake. Alipomuuliza ya nini, alisema atayatolea maelezo mkaguzi akija, kisha akamtazama kwa huruma, na hilo Mwanarusi hakulielewa.

"Kwa hiyo ndiyo yaliyoibiwa," Inspekta alisema.

"Ndiyo. Ngoja nikuonyeshe pengo." Akatoa ufunguo, akafungua kabati la chuma, akashusha jalada la Desemba na kuhesabu kwa sauti. Alifika thelathini na moja. Akahesabu tena. Pengo halikuwako. Maduara manne yalikuwa yamelala mahali pake, kwa utaratibu wa tarehe, kana kwamba hayajapata kutoka.

"Mwizi gani huyu," Inspekta alisema polepole, "anampasua mtu kichwa, anachukua karatasi, halafu anarudisha kabatini na kufunga? Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Mzee Ruwa, nao wake uko shingoni kwake mpaka sasa, nimeuona hospitali nilipopita kumwona asubuhi. Na wa tatu watundikwa ofisi ya wakubwa. Watumiao ofisi ile ni wawili, Bwana Nicanor na Injinia Boga."

"Ndugu yako hana?"

"Hana, wallahi."

"Lakini ana dada aliye nao," Inspekta alisema, bila ubaya, akageuza ukurasa.

Jana usiku Mwanarusi alikuwa akiogopa kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili, na nyumbani mama yuko na jicho moja.

Saa tatu na nusu aliitwa Nafula, mama wa chai, mwanamke wa Bungoma mwenye ulimi usiojua kulala. Inspekta alimruhusu Mwanarusi abaki, maana hakuna mwingine aliyeweza kumfasiria mambo ya chumba kile.

"Mimi nilisikia kwa masikio yangu," Nafula alisema. "Jana saa nane. Mbwana alimwambia mzee, 'Mzee, nakuomba, hizo karatasi zichome.' Mzee akasema hawezi. Mbwana akasema, 'Basi utakuwa umetuua.' Alikuwa analia, Inspekta. Mtu mzima analia mchana."

"Akataja jina la mtu?"

"Hapana. Pole Mwanarusi, mimi siwezi kudanganya polisi."

Mwanarusi aliitika kwa kichwa. Zichome? Mbwana alitaka nini na karatasi zilizokuwa nzuri, zenye mstari ulionyooka kama uzi?

Wa pili alikuwa Nicanor, meneja wa uzalishaji, mtu wa kutazama saa yake katikati ya sentensi za wengine. Hakuficha kuwa hati hizo hakuzipenda. Kila jioni ya Ramadhani, alisema, waendesha boila hupunguza moto watoke wakafuturu na kuswali, dakika ishirini na tano nzima, mvuke unashuka na sabuni yake inachelewa kuiva. Zamani hapakuwa na kinasa, wakapunguza kimyakimya. Sasa ushahidi uko kwenye karatasi na bado Ruwa alikataa kuwakemea.

"Nilimwambia Ruwa nitamfukuza," alisema. "Nilimwambia mbele ya watu. Lakini kumpiga! Mimi jana jioni nilikuwa ofisini kwangu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Penseli ya Inspekta ilikaa juu ya jina la Nicanor kitambo. Moyo wa Mwanarusi ukaruka kwa tamaa, akajionea haya papo hapo kwa kumtakia mtu mwingine kitanzi.

Injinia Boga aliingia wa mwisho, saa nne na robo. Huyu ndiye baba wa kichomeo kipya: alikibuni mwenyewe, akakichongesha kwa mafundi wa Kisauni, akapigana na wakubwa miaka sita mpaka kikakubaliwa. Alikuwa mtu wa Utange, mswalihina, nadhifu, na wafanyakazi walimpenda hata walipomtania.

"Inna lillahi," alisema, akaketi kwa uzito. "Siku ya ishirini na sita ya Ramadhani leo, mtu yuwategemea Lailatul Kadri, na sisi twahesabu damu. Mzee Ruwa alinifundisha kushika spana, Inspekta. Na Mbwana ni kama mdogo wangu."

"Jana saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Nafuturu chumba cha michoro. Peke yangu, kama ada yangu. Kelele za langoni siziwezi." Alimgeukia Mwanarusi kwa upole. "Mwanangu, tutamtafutia wakili. Lakini hayo maduara yasiguswe tena, tafadhali. Ijumaa si mbali, na mmekwisha kuyatilia sahihi."

Ni kweli, yalikuwa yametiwa sahihi. Na sahihi ilikuwa ya Mwanarusi.

Watu walipotoka aliomba dakika chache peke yake. Alikuwa na jambo lililomla tangu alipohesabu thelathini na moja. Tangu tarehe 18 Desemba hadi 27 alikuwa likizo, akimuuguza mama. Siku hizo Mzee Ruwa ndiye aliyebadilisha karatasi kwa mkono wake. Mwanarusi aliporudi alikuta mbele yake fomu ya mwezi yenye maneno "nimeyakagua yote", na kila mtu akimhimiza: upesi, upesi, hati za kwanza zatoka. Tarehe 2 Januari akatia sahihi bila kufungua jalada. Haraka haraka haina baraka, Mzee Ruwa alikuwa akimwambia kila siku, naye akimcheka kuwa ni msemo wa watu wasio na kinasa.

Akayatandaza yale manne mezani. Mstari wa tarehe 18 ulikuwa shwari, wa 19 shwari, wa 20, wa 21. Uzuri wenyewe ndio uliomtisha. Mzee Ruwa alikuwa ameona nini hapa?

Akatoka, akapita nyuma ya karakana hadi kwenye tangi la mafuta. Kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili Mzee Ruwa alipanda ngazi ya tangi na ufito, akapima kina cha mafuta, kisha akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ni sentimita ngapi zimepungua tangu jana. Kinasa kilipokuja aliambiwa aache. Hakuacha. Wakubwa walimwona mzee wa mazoea, na mvua za vuli zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo chaki ya Desemba ilikuwa ingaliko.

Mwanarusi alisoma kwa kidole. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na nne. Kisha, kwa siku ya 18: ishirini. Ya 19: kumi na tisa. Ya 20: ishirini. Ya 21: ishirini. Halafu tena kumi na nne.

Alisimama akikodoa macho mpaka namba zikacheza. Siku nne kichomeo kipya kilikuwa kimekula mafuta kama kile kikuukuu. Siku nne, si tatu. Na karatasi zilisema hapakutokea kitu. Basi karatasi zilikuwa za uwongo. Na hilo lilikuwa rahisi kwa aliyekijua kinasa: saa yake ina ufunguo mdogo wa kuizungusha kwa mkono, na mtu mwenye subira aweza kuchora siku nzima kwa nusu saa, akiinua na kushusha kalamu apendavyo.

Lakini nani? Aliirudia meza, akaziinamia zile karatasi upya, safari hii akifuata mstari saa kwa saa. Duara la 18 lilikuwa laini tangu mwanzo hadi mwisho. La 21 lilikuwa na bonde dogo saa kumi na mbili na nusu jioni, moto ukishuka kwa dakika ishirini na tano kisha ukapanda. Hilo alilijua, kila duara la Ramadhani lilikuwa na bonde kama hilo. La 20 lilikuwa na bonde. La 19 pia.

Mwanarusi aliweka kidole kwenye bonde la tarehe 19 na hakukiondoa. Alikumbuka Jumamosi ile. Alikuwa amesimama ufukweni Likoni na nusu ya mtaa, shingo zimekakamaa kwa kuutafuta mwezi, na mwezi haukuonekana. Jumapili ya tarehe 20 walikula pilau mchana kwa mjomba. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaenda mbio kumtafuta Inspekta kabla woga haujamrudisha nyuma.

"Niitie watu watatu," alisema akihema. "Bwana Nicanor, Injinia na Nafula. Na mwambie Bwana Nicanor aje na kalenda yake ya ukutani."

Saa tisa alasiri wote walikuwa ndani ya chumba cha vipimo, na askari mlangoni. Mwanarusi alikuwa na kiu ambayo haikuwa ya saumu peke yake. Akikosea, kesho saa tatu nduguye angeingia kortini, na yeye angekuwa amemsingizia mtu katika mwezi mtukufu.

Alilishika duara moja, tarehe yake ikionekana wazi, akaliweka mbele ya Injinia Boga.

"Injinia, mkaguzi akija Ijumaa huenda akaniuliza. Hapa moto umeshuka, saa kumi na mbili na nusu. Nimjibu nini?"

Boga aliinama akatazama. "Mwambie ni futari. Waendesha boila wapunguza moto wafuturu. Si siri, mwezi mzima u hivyo."

"Tarehe kumi na tisa?"

"Ndiyo, tarehe kumi na..." Boga aliisukuma ile karatasi mbali naye.

Inspekta alitazama huku na huku. "Mtanisamehe. Mimi ni Msabato. Ramadhani si inaanza siku moja?"

"Ingekuwa hivyo tungestarehe," Mwanarusi alisema. "Bwana Nicanor, kalenda yako yasemaje?"

Nicanor alifunua. "Ramadhani, Jumapili tarehe 20."

"Kalenda ilichapishwa kabla ya mwezi. Sisi wa huku twafunga kwa mwezi unaoonekana kwetu. Jumamosi tarehe 19 jioni haukuonekana, kwa hiyo waendesha boila wote walianza Jumatatu tarehe 21. Jana kwetu ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Kuna wenzetu wafuatao mwezi wa Makka, ambao ulitangazwa mapema. Hao walianza Jumamosi yenyewe, tarehe 19. Si kosa, kila mtu na Mola wake. Lakini yule aliyezichora karatasi hizi alipofika saa ya kufuturu alishusha kalamu. Angekuwa Bwana Nicanor, ambaye hafungi, angefuata kalenda na bonde lingeanza tarehe 20. Angekuwa mimi au Mbwana, lingeanza tarehe 21. Limeanza 19. Aliyelichora alikuwa na saumu yake tumboni siku hiyo."

"Karatasi hizo zimechorwa na kinasa," Boga alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ukuta wa nyuma ya tangi wasema sivyo." Akazitaja namba za chaki, moja moja. Inspekta alikuwa amekwisha kuziona, alikuwa amezinakili kwa penseli yake.

"Chaki ya mzee!" Boga alijaribu kucheka.

"Nafula," Inspekta aliita, "huyu bwana alianza kufunga lini?"

Nafula alijishika kiuno, kisha akashusha mikono. Mara moja katika maisha yake hakutaka kusema. "Jumamosi ile. Nilimpelekea chai saa nne akasema amefunga. Mimi nikashangaa, wengine wote walikuwa wamekunywa. Tulimcheka jikoni, tukasema Injinia ataenda sikukuu peke yake. Hata leo asubuhi nilimsikia kutoka mlangoni akisema ni siku ya ishirini na sita. Wengine wanasema ishirini na nne."

Inspekta alifunga daftari. "Injinia, nikifungua droo zako nitapata nini?"

Boga alikaa akizitazama zile karatasi nne. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kwa uangalifu, kama mtu aliyechoka kuubeba.

"Droo ya chini, chini ya michoro," alisema. "Ziko zote nne, za kweli. Sikuweza kuzichoma. Vipimo havichomwi."

"Kwa nini?" Mwanarusi aliuliza. Alitaka kumchukia, na machozi yakamlenga.

"Pua ya kichomeo ilipata ufa tarehe 18. Niliiagiza nyingine, ikaja tarehe 22. Siku nne, Mwanarusi! Tatu wangenisamehe, ya nne ikaniua. Miaka sita naambiwa kitu kilichochongwa Kisauni hakiwezi kufanya kazi. Kikafanya! Kila mwezi chafanya! Siku ya Krismasi ofisi ilikuwa tupu, nikakaa hapa na ule ufunguo mdogo. Nilipofika saa ya kufuturu wala sikufikiri. Nilikumbuka tende nilizokula jioni ile, na mkono ukashuka wenyewe."

"Na mzee?" Inspekta aliuliza.

"Alikuwa ameziona za kweli alipozitoa kwenye kinasa. Alipoona za jaladani nzuri akajua ni mimi. Jana jioni alinambia ni lazima amwambie mkaguzi, na akanipa mpaka Ijumaa niseme mwenyewe. Alinipa muda. Alinigeuzia mgongo akifunga mkoba, na spana ya Mbwana ilikuwa mezani, ameisahau. Karatasi nikazirudisha, maana mkaguzi angeuliza pengo." Akafunika uso. "Mkoba nilikuwa nao mkononi, na kabati la Mbwana li wazi. Sikumchagua. Lilikuwa wazi tu."

Hapo Mwanarusi akapata chuki aliyokuwa akiitafuta. Mtu aliweza kumlilia mzee, akaweza kuzililia karatasi, na kitanzi cha Mbwana akakieleza kama mlango uliosahauliwa kufungwa.

Boga alipotiwa pingu, Mwanarusi hakutoka. Alichukua fomu ya mwezi, akaiweka mbele ya Inspekta.

"Na hii iandike. Nilisema nimeyakagua yote thelathini na moja. Sikuyakagua. Ningeyakagua, Mzee Ruwa hangehitaji kuwa peke yake na jambo hili."

"Utapoteza kazi, mama."

"Jaribio lafungwa, na boila yarudi kichomeo cha kale. Kazi yangu imekwisha tangu saa tisa. Andika."

Elkana aliandika.

Saa kumi na moja jioni Mbwana alitolewa kituoni Changamwe, viatu mkononi, macho yamevimba. Hospitali ilikuwa imepiga simu kuwa mzee amefumbua macho na kumtambua mkewe, ingawa hajasema neno. Mwanarusi alimweleza hilo kwanza, kisha akamweleza la Injinia. Mbwana alisikiliza hadi mwisho, akaketi chini palepale kwenye ngazi ya kituo.

"Boga?" alisema. "Ni Boga?"

"Ni yeye. Lakini wewe, ndugu yangu, ulikuwa na nini? Watu wataka kukunyonga nawe watazama ukuta! Kwa nini ulimwambia mzee azichome? Kwa nini hukuja kufuturu kwa wakati?"

"Nilikuwa nalia nyuma ya boila. Sikutaka wanione." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Siku zile nne nilikuwa zamu, da Mwanarusi. Moto ulikuwa ukila mafuta kama jini, niliuona kwa macho yangu. Kisha wewe ukarudi kutoka likizo, na karatasi zikawa nzuri, na sahihi ni yako, na ufunguo ni wako. Mzee aliponambia kuna mtu amezibadilisha..."

Mwanarusi alimtazama nduguye, akauelewa ukuta aliokuwa akiutazama usiku kucha, na kwa nini.

"Ulidhani ni mimi."

"Nilidhani ni wewe."

"Na ungenyamaza mpaka kitanzi?"

Mbwana alivaa kiatu kimoja, akaanza kutafuta tundu la pili la kamba.

"Mama ana jicho moja," alisema. "Yuwahitaji mtu wa kumwongoza. Mimi ni mtu wa zamu, sikai nyumbani."